Nimerudi kwenye pikipiki baada ya miaka 25, lakini kona zinanitisha

Ndugu Mshauri,

Nina umri wa miaka 54. Niliacha kuendesha pikipiki nikiwa na miaka 29, mara tu mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, na pikipiki niliyoizoea wakati huo ilikuwa ndogo, ya cc 125. Mwaka huu, watoto wakiwa wamekwisha kujitegemea, nilinunua pikipiki ya mwaka 1982, ya cc 550 na silinda 4, kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa ameiweka stoo kwa miaka 9. Fundi alisafisha kabureta, akabadilisha oili, betri na plagi, akaniambia kwamba sasa iko tayari kwa barabara. Kwa upande wa injini hakukosea, kwa maana inawaka mara moja na kunguruma vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kinachonisumbua ni jinsi inavyokwenda. Kwa mwendo wa pole haitulii kwenye mstari: inaelekea kushoto kidogo, nairudisha, inapitiliza kulia, nairudisha tena, hata naona haya nikipita mbele ya watu kwa sababu naonekana kama mlevi. Nikiingia kona, mwanzoni inakataa kulala, kisha inalala ghafla kama mtu aliyesukumwa. Nikifikia kilomita 80 au 90 kwa saa, hasa kwenye mteremko na sanduku langu la mizigo likiwa nyuma, mkia unaanza kuyumba taratibu. Nikishika breki ya mbele, pua inazama mpaka nasikia chuma kikigonga ndani ya shokapu. Sijui kama inahusika, lakini tangu enzi zile nimeongezeka kilo 20.

Wiki tatu zilizopita niliingia kona ambayo kwa umri wangu wa ujana ningeipita huku nikiimba. Pikipiki ikakataa kugeuka. Ikanipeleka nje hadi ukingo wa lami, tairi la mbele likagusa changarawe, na sijui hata sasa ni kitu gani kilichonirudisha barabarani. Zile changarawe nazikumbuka moja moja, kwa kuwa sikuweza kuziondolea macho.

Rafiki yangu tuliyekuwa tukiendesha naye zamani anasema nifunge dampa ya usukani, yaani kile kifaa cha kuzuia usukani usitikisike, na matairi mapana ya kisasa, na kwamba hapo mambo yote yatanyooka. Mke wangu hajasema niiuze, ila kila nikirudi namkuta amesimama mlangoni. Nami sitaki kuiuza, lakini sitaki pia kumfanya mtu awe mjane kwa sababu ya ukaidi. Niambie kwa uwazi: ni pikipiki iliyozeeka, au ni mimi niliyezeeka?

Wako,
Aliyerudi Barabarani

*

Ndugu yangu Aliyerudi Barabarani,

Ni pikipiki na ni wewe, na inabidi mshughulikiwe kwa mpangilio huo, kwa sababu mtu anayejizoeza juu ya chombo asichoweza kukiamini hujifunza woga tu. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ni kwamba usiiendeshe tena mpaka umeikagua ikiwa imesimama. Karibu kila ulichokieleza kinaweza kutambuliwa pikipiki ikiwa juu ya stendi yake kubwa, bila kuhatarisha mfupa wa mtu yeyote.

Ningeanza na matairi hata kama ungeniandikia dalili nyingine kabisa. Umenitajia kwamba fundi alibadilisha oili, betri na plagi, lakini hukusema neno lolote kuhusu matairi, na ukimya huo nimeuona. Tazama ubavu wa kila tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, utakuta tarakimu 4: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo tairi lililoandikwa 2213 lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2013. Ukikuta tarakimu 3 badala ya 4, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na hapo hakuna cha kujadili. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata kama haukutembea hatua moja, na kwa bahati mbaya ugumu huo hauonekani kwa macho. Kashata zinaweza kuwa ndefu na za kupendeza huku mpira wenyewe ukishika lami kama ndala kwenye sakafu yenye maji. Ushauri wa kawaida wa watengenezaji ni kwamba tairi lililotumika miaka 5 likaguliwe kila mwaka na kwamba likifika miaka 10 liondolewe, hata likiwa zima kwa kulitazama. Pikipiki yako ilikaa stoo miaka 9, na matairi hayo hayakufungwa siku ile ilipoingia stoo.

Sasa pitisha kiganja juu ya tairi la nyuma kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Tairi zuri lina mgongo wa mviringo kama tumbo la mtungi. Likiwa limelika kwa safari ndefu za barabara zilizonyooka, utahisi ubapa katikati na ukingo kila upande. Pikipiki yenye tairi la namna hiyo husimama juu ya ubapa wake na kukataa kulala, kisha ikivuka ule ukingo huanguka upande kwa mkupuo, na hivyo ndivyo ulivyoieleza kona yako bila kujua. Upepo mdogo kwenye tairi la mbele huongeza ubaya huo, kwa maana hufanya usukani uwe mzito na pikipiki iwe mvivu kuingia kona. Pima upepo asubuhi, matairi yakiwa baridi, ukifuata kiwango cha kitabu cha pikipiki, na tumia kipimo unachokiamini. Mimi niliwahi kuvunja na kufunga upya usukani mzima nikitafuta chanzo cha uzito wake, kumbe kipimo changu cha upepo kilikuwa kikinidanganya tangu siku nilipokinunua.

Utakaponunua matairi mapya, nunua yote mawili kwa pamoja na kwa vipimo vilevile vilivyokusudiwa, ambavyo kwa pikipiki nyingi za wakati huo ni rimu ya inchi 19 mbele na 18 nyuma. Hapa simuungi mkono rafiki yako. Tairi pana likifungwa kwenye rimu nyembamba hubanwa kingo, mgongo wake ukabadilika umbo, na mara nyingi pikipiki huwa nzito zaidi kuilaza kuliko ilivyokuwa. Usichanganye pia tairi la radial, ambalo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na lile la nyuzi za mshazari ila pale mtengenezaji ameruhusu.

Kule kuyumba kwa mwendo wa pole ni jambo jingine, na nina hakika kiasi kwamba kunatoka shingoni mwa pikipiki. Pale usukani unapozungukia kuna beringi mbili, ya juu na ya chini, ambazo kwa pikipiki nyingi za miaka hiyo ni gololi zinazotembea ndani ya bakuli za chuma. Kwa kuwa pikipiki hutumia sehemu kubwa ya maisha yake ikienda mbele moja kwa moja, gololi hupigapiga mahali palepale na kuchimba vishimo vidogo. Weka stendi kubwa, mwombe mtu aikandamize nyuma hadi gurudumu la mbele lining'inie, kisha zungusha usukani kwa vidole viwili kutoka upande hadi upande. Ukihisi unanasa katikati, kama komeo linaloingia mahali pake, umeupata ugonjwa. Ukiwa hapohapo, shika shokapu za mbele kwa chini, uzivute na kuzisukuma; zikicheza, beringi zimelegea.

Inafaa uelewe kwa nini kishimo kidogo hivyo kinamfanya mtu mzima aonekane mlevi. Pikipiki haikai wima kwa sababu wewe umeishika wima. Inakaa wima kwa sababu usukani wake unageuka kidogo kidogo kuelekea upande inakoangukia, mara nyingi bila hata wewe kujua, na hivyo magurudumu yanarudi chini ya uzito. Usukani unaonasa katikati hauwezi kufanya marekebisho hayo madogo. Unasubiri mpaka kosa liwe kubwa, kisha unaruka kishimo na kupitiliza. Beringi mpya, na hasa zile za roli zenye umbo la pia zinazopatikana kwa pikipiki nyingi za zamani, huondoa kasoro hii kabisa, ila mwambie fundi asizikaze kupita kiasi, kwa kuwa beringi iliyokazwa mno huleta myumbo uleule uliokufanya uibadilishe.

Mkia unaoyumba kwa kilomita 80 au 90 ndio unaonipa wasiwasi zaidi. Kuna mitikisiko ya aina mbili, na ni vizuri kuitofautisha. Upo mtikiso wa haraka wa usukani peke yake, ambao unaweza kufikia mara 10 kwa sekunde. Upo pia myumbo wa pikipiki nzima, wa taratibu zaidi, mara 2 hadi 4 kwa sekunde, ambao mara nyingi hutokana na sehemu ya nyuma au mzigo. Wako ni huo wa pili. Ushuhuda wa kwanza ni sanduku: kila kilo unayoiweka nyuma ya ekseli ya nyuma huikandamiza pikipiki nyuma na kuipunguzia mbele uzito, nayo mbele nyepesi haina utulivu. Livue. Kisha mtu ashike fremu, nawe ushike ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma, ambao mafundi huuita swingiamu, uusukume kushoto na kulia. Haupaswi kucheza hata kidogo. Pikipiki nyingi za wakati huo zilifungwa bushi za plastiki mahali hapo, nazo huisha kimyakimya, hasa kama aliyekutangulia hakuwa mtu wa grisi. Kagua pia beringi za magurudumu kwa kulishika kila gurudumu juu na chini na kulitikisa, na hakikisha kwamba gurudumu la nyuma limenyooka na la mbele kwa kutumia uzi mrefu uliovutwa ubavuni mwa matairi, kwa sababu alama zilizochorwa kwenye vikaza cheni si za kuaminika sana.

Ikitokea siku yoyote pikipiki ikaanza kuyumba ukiwa katika mwendo, usishike breki kwa nguvu wala usishindane na usukani. Punguza mafuta polepole, bana tangi kwa magoti, inamisha kifua mbele ili uzito uhamie gurudumu la mbele, na uiache itulie yenyewe kadiri mwendo unavyopungua.

Kuhusu dampa, jibu langu ni hapana, walau kwa sasa. Dampa hupunguza mtikiso bila kugusa kilichouleta, hivyo utakuwa na pikipiki yenye bushi zilizokwisha na tairi bapa ambayo haikuambii tena kwamba ni mgonjwa. Tena dampa hutuliza usukani, ilhali shida yako kubwa iko nyuma.

Shokapu za mbele hazihitaji maneno mengi. Oili yake huchoka, na springi za miaka zaidi ya 40 huwa zimefupika. Pikipiki ikubebe ukiwa umevaa mavazi yako yote ya safari, na mtu apime mbele imezama kiasi gani kulinganisha na inapokuwa imeinuliwa. Kwa pikipiki ya barabarani, milimita 30 hadi 35 ni kiasi kizuri. Ikizama zaidi ya hapo, badilisha oili na springi pia, na hizo kilo 20 zihesabu, maana springi hazijui aibu. Nyuma nako ongeza mkazo wa springi kwa kuzungusha pete ya chini ya shokapu. Kama fundi wako hajabadilisha mafuta ya breki, abadilishe, kwa sababu hunyonya unyevu na hutakiwa kubadilishwa takriban kila miaka 2, sembuse baada ya 9. Na mipira ya breki iliyozeeka hutanuka ndani, ukabonyeza mkono na nguvu isifike gurudumuni.

Mambo hayo yakikamilika utakuwa na chombo kinachokutii, na hapo itabidi tukuzungumzie wewe. Mwaka 1981 mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alichapisha ripoti ya uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki zilizotokea katika eneo la Los Angeles, ambazo timu yake ilizifuata papo hapo barabarani. Ajali zilizosababishwa na ubovu wa chombo hazikufika 3 kwa kila 100, na nyingi kati ya hizo zilitokana na matairi kupasuka au kuishiwa upepo. Katika zile ambazo hazikuhusisha gari jingine, thuluthi mbili hivi zilitokana na makosa ya mwendeshaji, na yaliyotajwa ni kushika breki vibaya na kutoka nje ya kona kwa kuingia na mwendo mkubwa au kwa kutoilaza pikipiki vya kutosha. Ripoti hiyo ni ya zamani na barabara zimebadilika, lakini pikipiki yako nayo ni ya mwaka 1982, na kona yako ni ileile.

Rudi kwenye changarawe zako. Umeniandikia kwamba hukuweza kuziondolea macho, na nilipofika hapo niliacha kulaumu tairi peke yake. Pikipiki hufuata macho. Ukitazama ukingo, mikono hukakamaa, mabega hugeukia huko, na chombo hukupeleka ulikotazama. Katika kona unapaswa kutazama mwisho wa kona, mbali kadiri unavyoweza kuona, kwa kugeuza kichwa na si macho peke yake. Na kwa umri wetu shingo hudai kukumbushwa.

Jambo la pili mwili wako unalijua lakini akili yako huenda hailijui. Ukishapita mwendo wa mtu anayekimbia, pikipiki hailazwi kwa kuuvuta usukani upande unaotaka kwenda. Hulazwa kwa kuusukuma mbele mkono wa upande huohuo: ukitaka kwenda kulia, sukuma mbele mkono wa kulia, na gurudumu litaelekea kushoto kwa nukta moja tu, pikipiki ikaangukia kulia. Kijana wa miaka 29 juu ya pikipiki ya cc 125, yenye uzito wa kilo 110 hivi, hakuhitaji kulifikiri hilo, kwa sababu nguvu kidogo ya bahati ilitosha. Sasa umekalia chombo cha kilo zipatazo 200, chenye gurudumu kubwa mbele na shokapu zilizolala zaidi kuliko za pikipiki nyingi za kisasa. Umbo hilo lilikusudiwa kutulia barabarani, na utulivu wake unadai sukumo thabiti. Uzito huo kwenye kona wala si ugonjwa. Utakapoona kona inakupeleka nje, usiachie mafuta kwa ghafla wala usikanyage breki. Tazama unakotaka kwenda, na sukuma zaidi mkono wa ndani. Mara nyingi pikipiki ina uwezo wa kulala zaidi ya ujasiri wa aliyeikalia.

Tafuta uwanja mtupu wenye sakafu nzuri, ukae huko siku nne au tano kabla ya kurudi barabarani. Kwa kilomita 40 kwa saa, nenda moja kwa moja na ujizoeze kusukuma mkono mmoja kwa upole, kisha mwingine, mpaka uone jinsi chombo kinavyojibu. Kwa mwendo wa pole, zunguka duara huku klachi ikiwa nusu na breki ya nyuma ikishikwa kidogo, ukitazama ng'ambo ya duara. Usiguse breki ya mbele usukani ukiwa umegeuzwa, maana hivyo ndivyo watu wengi wanavyoziangusha pikipiki nzito mbele ya macho ya majirani. Kisha jizoeze kusimama, kwanza kutoka kilomita 30, halafu 50, ukikumbuka kwamba mwendo ukizidi mara mbili umbali wa kusimamia huzidi mara nne. Breki za kuzuia gurudumu lisijifunge zilianza kuwekwa kwenye pikipiki za kuuzwa mwaka 1988, kwenye BMW K100, kwa hiyo kwako kazi hiyo ni ya vidole vyako: kaza breki ya mbele kwa kuongeza taratibu, ngoja uzito uhamie mbele, ndipo uongeze nguvu. Kama kuna mwalimu wa pikipiki unayeweza kumfikia, mchukue kwa siku moja, kwa kuwa yeye atayaona mabega yako na mimi siyaoni.

Usiiuze kwa sababu ya niliyoyataja hapa. Iuze kama fundi akikuta fremu imepinda, au kama ule uzi ukionyesha kwamba magurudumu hayawezi kunyooshwa. Shemeji mwonyeshe tarakimu za matairi ya zamani na zile za mapya, na mwalike aje uwanjani akutazame ukisimamisha pikipiki. Nadhani itamtuliza kuliko kiapo chochote utakachomlia.

Ukirudi kwenye ile kona, nenda bila sanduku, ingia na mwendo mdogo kuliko wa siku ile, na punguza mwendo huo kabla ya kona na si ndani yake. Ikikataa tena kugeuka, niandikie ukinitajia kiwango cha upepo wa mbele na wa nyuma, pamoja na kile ulichokuwa unakitazama.

Wako,
Mshauri